Mguu wa mpwa wangu, kifua changu na daftari moja: usaha wa mfupa na vumbi la nafaka (uzi mrefu, Mtwara)

Karani_wa_Mizani

Wakuu, salaam. Ni msomaji wa siku nyingi humu ila huwa napita kimya. Leo naandika kwa sababu ndani ya mwaka mmoja nyumbani kwetu yamejulikana maradhi mawili, na yote mawili tuliyaita majina yasiyo yake. Moja ni mguu wa mpwa wangu. Jingine ni kifua changu mwenyewe. Tangu hapo nimesoma sana, na madaktari wawili nimewauliza maswali mpaka wamenizoea. Mimi si mtu wa tiba. Ni karani wa mizani kwenye ghala la nafaka hapa Mtwara mjini, na huu ni msimu wangu wa tisa.

Naanza na mtoto.

Ana miaka 9, ni wa dada yangu, wanaishi Newala vijijini. Jumapili moja msimu wa korosho alianguka kutoka kwenye mkorosho. Hakuwa juu sana, akainuka akaendelea kucheza na wenzake. Baada ya siku mbili akaanza kulalamika mguu, hapa juu kidogo ya goti. Usiku uliofuata homa ikapanda. Kwetu jambo la mtoto anaulizwa mjomba, basi dada akanipigia: "Kaka, mtoto kateguka, tumwite mzee wa kuchua?" Nikamwambia mwiteni. Neno hilo nililisema mimi.

Alichuliwa kwa mafuta ya nazi siku tatu mfululizo. Akiguswa analia mpaka sauti inakauka. Duka la dawa wakampa vidonge vya siku mbili, homa ikashuka kidogo, tukasema afadhali. Kama siku ya tano au ya sita hivi akapelekwa kupigwa eksirei. Picha ikatoka safi, mfupa haujavunjika. Wakarudi nyumbani wanashukuru.

Mtoto hakukanyaga chini tena. Paja likavimba, ngozi ikang'aa, kisha pembeni pakafunguka tundu dogo likawa linatoa usaha. Watu wakasema ni vizuri, uchafu unatoka. Alipofikishwa hospitali kubwa, daktari wa mifupa alimbonyeza kwa kidole kimoja tu, akamtazama usoni, halafu akauliza: "Siku ya kwanza ya maumivu ilikuwa lini?" Dada akasema wiki tatu zilizopita. Mama yangu akasema mwezi na ushee. Mimi niliyeruhusu kuchua sikuwa na jibu kabisa. Daktari akaweka kalamu mezani, akasubiri. Hatukuwa na cha kumpa.

Eksirei ya pili ilionyesha kila kitu. Akapasuliwa. Baadaye daktari aliniita akanionyesha kilichotoka, kwenye kibakuli cha bati: kipande cha mfupa urefu wa kidole cha mtoto, cheupe kisicho na uhai, kingo zimelika. Wa kwetu mtanielewa nikisema kilifanana na kipande cha makopa kilichoachwa juani. "Huu umekufa," akasema. "Damu haifiki humu, na dawa hupita kwenye damu."

Siku hiyohiyo nilinunua daftari dukani nje ya geti la hospitali. Nitaendelea.

MwanaMikindani

Pole sana mkuu. Nafuatilia, endelea.

Karani_wa_Mizani

Asante ndugu. Sasa niweke nilichokielewa kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa sababu nyumbani tulikuwa tunauita "mguu" tu, kana kwamba ndilo jina lake. Kumbe ni usaha wa mfupa, yaani maambukizi ya bakteria ndani ya mfupa.

Mfupa si jiwe. Ni kitu hai, una damu na una maumivu yake. Kwa mtoto, karibu na goti, nyonga na bega kuna sehemu ambako mfupa unarefuka. Pale mishipa midogo ya damu inakunjwa kama pini ya nywele, na damu inapita polepole. Bakteria akishaingia kwenye damu, labda kwa jipu au upele uliokunwa, anapata pa kutuama. Mara nyingi ni stafilokokasi aureasi, huyuhuyu wa majipu, ambaye watu wengi tunatembea naye puani bila habari. Aliyemtambua kwenye usaha wa majipu ni daktari wa Uskoti, Alexander Ogston, mwaka 1880 kule Aberdeen. Aliona chini ya hadubini vimelea vimeshikana kama kishada cha zabibu, na jina alilompa lilitoka kwenye neno la Kigiriki la kishada cha zabibu.

Usaha ukijaa ndani ya mfupa hauna pa kupanukia, na ndiyo sababu maumivu yake hayana mfano. Unatafuta njia hadi nje, unabandua utando unaouvika mfupa. Utando huo nao unapitisha damu. Ukibanduka, sehemu ya mfupa inakosa damu na inakufa. Mwili unajenga mfupa mpya kuuzunguka ule mfu, kama ukuta wa kulifunga kaburi, na bakteria wanabaki humo ndani wamestarehe.

Sasa kuhusu ile eksirei iliyotoka safi. Hakuna aliyetudanganya. Eksirei haioni usaha wala bakteria, inaona madini ya mfupa, na mpaka mfupa upoteze kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake ndipo picha inabadilika. Hiyo huchukua siku 10 hadi 14. Mtoto aliyepigwa picha siku ya sita, picha safi haimtoi hatarini. Kama daktari anajua ni siku ya sita, atapima damu na kuiotesha maabara kuona kama ina bakteria, ataangalia kwa utrasaundi kama kuna usaha chini ya utando, ataanza dawa. Kama anaambiwa "ameanguka hivi karibuni", atatafuta mvunjiko, hatauona, na mtoto atarudi nyumbani.

Kuanguka kwenyewe kunapotosha. Watoto wanaanguka kila siku. Mzazi ukiulizwa, lazima utakumbuka mahali alipoanguka, na maumivu yanapata sababu palepale.

Nesi_wa_Lindi

Kaka umeeleza vizuri, naomba nichangie kidogo kwa niaba ya wodi ya watoto.

Mtoto mwenye homa anayekataa kutumia kiungo, awe hatembei au mkono umening'inia, aletwe siku hiyohiyo. Asikandwe kwa maji ya moto, asichuliwe, asichanjwe chale. Kwa kichanga ni hatari zaidi, maana usaha unaweza kuvuka ukaingia kwenye kiungo chenyewe. Nyonga ikijaa usaha, kila saa ina thamani.

La pili, watoto wenye selimundu (sikoseli). Nchi yetu ni miongoni mwa zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo. Hawa wanapata usaha wa mfupa kirahisi kuliko wengine, na kwao pamoja na stafilokokasi kuna salmonela, bakteria wa jamii ya homa ya matumbo. Shida ni kwamba maumivu ya kawaida ya selimundu nayo yako kwenye mifupa na yanakuja na homa. Mama anasema "ni yaleyale yake". Mama anayeweza kutuambia kwamba safari hii yamekaa mahali pamoja, tena siku ya nne sasa, anatusaidia sana.

Na uti wa mgongo unaouma polepole kwa miezi, na mtoto anaanza kupinda, huo mara nyingi ni TB ya mfupa. Ile inakwenda taratibu, haifanani na hii.

Karani_wa_Mizani

Dada Nesi, Mungu akuzidishie. Hilo la "yaleyale yake" nimelinakili.

Chipukizi_Tandahimba

Mkuu swali. Bamdogo wangu ana tundu kwenye muundi, linafunga linafungua, miaka saba sasa tangu ajali ya pikipiki. Kila likifunguka ananunua dawa dukani, linakauka. Ina maana ndiyo hii? Na ni kweli dawa yake ni sindano za miezi?

Karani_wa_Mizani

Ndugu yangu, kwa maelezo yako inafanana sana, lakini anayeweza kusema ni daktari wa mifupa akimwona. Mfupa uliovunjika ukatoka nje ya ngozi ni mlango mwingine mkubwa wa ugonjwa huu, na bodaboda zimeleta kesi nyingi za namna hiyo. Linalofunga na kufungua kwa kawaida lina kipande kilichokufa ndani, na vidonge vya duka haviwezi kukitoa. Vinaua bakteria wa pembezoni, tundu linakauka, wale wa ndani wanabaki. Tena wanaobaki ndio wanaozoea dawa.

Kuna utafiti wa chuo kikuu cha Rochester, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ambao ulinikaa kichwani. Mfupa una vijia vyembamba mno ambamo chembe hai za mfupa zinawasiliana. Bakteria huyu ni mnene kuliko vijia hivyo. Walichoona kwa hadubini yenye nguvu kubwa, kwa panya waliougua, ni kwamba anajibana, anabadili umbo, anapenya akiwa mmojammoja kwenye mstari. Askari wa mwili hawawezi kumfuata humo. Ndipo nikaelewa kwa nini daktari wetu alisema lazima akwangue mfupa mpaka uone unatoka damu.

Kuhusu sindano. Zamani ilikuwa wiki sita za sindano bila mjadala. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao OVIVA, wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, hospitali 26. Nusu walipewa dawa za mshipani kwa wiki sita, nusu wakahamishiwa vidonge ndani ya siku saba za kwanza. Baada ya mwaka, walioshindikana kwa sindano walikuwa asilimia 14.6, kwa vidonge asilimia 13.2. Yaani vidonge havikuwa nyuma. Na kwa watoto wenye ugonjwa mchanga, wasio na mfupa mfu, Wafini mwaka 2010 walichapisha kazi ya watoto 131: siku 20 za dawa zilitosha sawa na siku 30, sindano zikiwa za siku chache tu mwanzoni.

Naomba mtu asinisome vibaya hapo. Vidonge vya OVIVA vilichaguliwa na mabingwa baada ya kujua bakteria ni yupi na dawa ipi inamuua, kwa dozi kubwa, na wengi walikuwa wameshapasuliwa. Hiyo siyo strip moja ya duka la dawa. Tena vile vidonge vya siku mbili tulivyompa mpwa wangu viliharibu kipimo: walipootesha damu haikuota kitu. Usaha wa kwenye upasuaji ndio uliotoa jibu.

Bamdogo aende kliniki ya mifupa, na abebe orodha ya dawa zote alizowahi kunywa na miaka yake. Hata kama ni kwa kukadiria.

Karani_wa_Mizani

Sasa daftari, na kifua.

Mtoto alilazwa, dada alikuwa na kichanga mgongoni, kwa hiyo nilikaa mimi wodini wiki mbili. Niliandika dawa, saa, homa, amekula nini, amelala vipi. Baada ya hapo alikuja kukaa kwangu Mtwara amalizie vidonge, kila baada ya saa sita: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Ile ya saa sita usiku niliweka alamu. Kila usiku nikaandika: "Dawa saa sita. Kalala." Halafu polepole nikaanza kuongeza: "Kikohozi kimeniamsha kabla ya alamu."

Wiki ya tatu nyumbani nilikuwa nahesabu siku zilizobaki, nikawa nafunua kurasa za nyuma. Kurasa zote za wodini hakuna kikohozi. Wiki mbili nimelala sakafuni kwenye mkeka, wodi imejaa watu, dirisha liko wazi, na sikukohoa. Nimerudi kazini Jumatatu, na usiku wa Jumatatu hiyo kuna neno "nimekohoa". Jumapili haipo. Jumatatu ipo. Jumapili nyingine haipo.

Nilikaa na lile daftari kitandani mpaka kukapambazuka.

Niwaeleze kazi yangu. Mizani yetu iko ndani, karibu na mlango wa kushushia. Kuanzia katikati ya mwaka ni ufuta, zinafuata mbaazi, kisha korosho, na mwaka mzima mahindi yanayotoka Songea na Tunduru. Mahindi yaliyokaa ndiyo mabaya. Kuli akibwaga gunia juu ya sahani ya mizani linatoa pumzi, puuu, wingu linapanda moja kwa moja usoni kwa anayesoma namba. Kuna tundu la msumari kwenye bati. Saa nne asubuhi jua linapita hapo, na ndani ya ule mwali unaona vumbi limesimama kama nguzo, halishuki. Mchana shingoni kunakuwa na uji wa jasho na unga. Unajikuna mpaka usiku.

Msimu wa pili nilianza mafua yasiyoisha, macho yanawasha. Msimu wa tano kikohozi cha usiku. Msimu wa saba kifua kikawa kinapiga filimbi. Nilipimwa TB mara mbili, makohozi safi. Nikaambiwa ni vumbi tu, kunywa maziwa. Na homa. Siku tukishusha malori matatu manne ya mahindi ya zamani, jioni natetemeka, viungo vinauma, asubuhi nimepona. Nimekunywa mseto wa malaria mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, bila kupima. Mara moja tu nilipimwa kile kipimo cha haraka, haikuonekana malaria, nikanywa mseto vilevile.

FundiKinu_Nachingwea

Mkuu nina mashine ya kusaga na kukoboa mwaka wa kumi na mbili, na hiyo homa ya jioni vijana wangu wanaijua vizuri. Sisi tunaiita homa ya pumba. Sikujua kama ina habari yake huko kwa wasomi. Lakini wengine hapa wanasema babu zetu walipepeta na kutwanga miaka yote, vumbi ni vumbi.

Karani_wa_Mizani

Fundi, ina habari yake, na ya zamani mno. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Kuna sura ya wanaopepeta na kupima nafaka. Wapima nafaka, Fundi! Kazi yangu hii. Aliandika kwamba karibu wote wanabanwa pumzi na wachache wanafika uzeeni. Na ni yeye aliyewaambia madaktari wenzake kwamba wakishamaliza maswali yao kwa mgonjwa waongeze jingine: unafanya kazi gani? Mimi nimeingia zahanati mara nyingi katika miaka yote hiyo ya kuugua, na swali hilo niliulizwa mwaka huu.

Babu zetu walipepeta uani, upepo unapita, debe moja la familia. Hawakukaa saa tisa ndani ya bati lililofungwa na tani mia.

Halafu vumbi la nafaka siyo unga wa nafaka peke yake. Lina vipande vya fukusi, wale wadudu wa nafaka, na kinyesi chao, lina utitiri wa ghalani usioonekana kwa macho, lina mbegu za kuvu, lina mizoga ya bakteria. Mwaka 1967 watafiti wa Uingereza walishamwelezea mfanyakazi aliyekuwa anaugua kifua kwa sababu ya fukusi mwenyewe. Wengine mwili unamkataa utitiri, wengine kuvu, wengine ngano au nafaka ya rai yenyewe kama wanavyopata waoka mikate.

Kuna magonjwa mawili tofauti hapo, na mimi nilikuwa nayo yote mawili.

Pumu ya kazini ni mzio. Haiji siku ya kwanza. Mwili unajifunza kumchukia adui kwa miezi au miaka, mara nyingi unaanzia puani, kisha unashuka kifuani. Ukishajifunza, hata vumbi kidogo linatosha. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya watu wazima 100 wenye pumu, kama 15 hivi wameipata au imezidishwa na kazi.

Homa ya pumba yenu siyo mzio. Kuta za bakteria waliokufa zina sumu iitwayo endotoksini. Ukivuta nyingi kwa siku moja, mwili unadhani umevamiwa, na saa chache baadaye unapandisha homa, baridi, viungo. Kesho yake imeisha. Mgeni wa siku ya kwanza anaipata sawa na mzoefu. Nilipolielewa hili nilimfikiria mpwa wangu: yeye bakteria hai alimwingia mfupani, mimi navuta maganda ya waliokufa, na wote wawili tukapewa dawa ya kitu kingine.

Lakini naomba mnisikie: homa usiiite ya pumba kabla ya kupima malaria. Huku kwetu malaria ipo na inaua. Pima kwanza, kisha uandike ulishusha nini siku hiyo.

MwanaMikindani

Na sisi tunaokaa jirani na maghala? Vumbi linatufikia mpaka kwenye vyandarua.

Karani_wa_Mizani

Swali lako lina jibu kutoka mji wa bandari kama wetu. Barcelona, kati ya mwaka 1981 na 1987, kulitokea siku 26 ambazo watu walifurika hospitali kwa shambulio la pumu, ghafla, na wengine walikufa. Walichunguza hewa, moshi, hali ya hewa, hawakupata. Mwishowe wakalinganisha tarehe za mashambulio na daftari za meli bandarini. Siku hizo zilikuwa siku za kushusha soya. Moja ya maghala marefu halikuwa na kichujio juu, na vumbi lilikwenda na upepo mjini. Vichujio vikawekwa, mashambulio yakakoma.

Nimeisoma habari hiyo zaidi ya mara kumi. Tarehe za hospitali kwa upande mmoja, tarehe za meli kwa upande wa pili.

FundiKinu_Nachingwea

Sasa tufanyeje? Vijana wanajifunga kitambaa cha kanga. Na kufunga mashine siwezi.

Karani_wa_Mizani

Kanga inazuia makapi, vumbi laini linapita. Barakoa za N95 zinasaidia kama zimebana uso na hazijalowa jasho, ila barakoa ni kinga ya mwisho. Sisi tulianza na gunia: kuli alilaze, asilibwage. Umbali wa nafaka kudondoka ukipungua, wingu linapungua, utaliona kwa macho siku ya kwanza. Tukahamisha mizani nje ya mlango, upande upepo unakotoka. Kufagia kwa ufagio mkavu tumeacha, maana ulikuwa unalipandisha upya lile lililokwishatua. Wenye uwezo wanafunga feni ya kunyonya palepale vumbi linapozaliwa, kwenye mdomo wa kinu. Hiyo ndiyo bora kuliko zote na kwa mashine yako ningeanza nayo. Na mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kuingia, unyevu usizidi asilimia 13 au 14. Mahindi makavu hayalei kuvu, na hapo unapona vumbi na sumukuvu kwa pamoja.

Mimi daktari alinipa kibomba cha plastiki chenye mshale, unapuliza kwa nguvu kinakupa namba. Mara nne kwa siku, siku za kazi na za mapumziko, unaandika. Likizo namba zilipanda, kazini zikashuka, Jumatano chini kuliko Jumatatu. Ile ndiyo iliyomaliza ubishi na mwajiri. Sikugombana naye, nilimwekea karatasi mezani. Kwa wenye ajira rasmi, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusu magonjwa yanayotokana na kazi kama unavyohusu ajali. Makuli wa kutwa hawana mwajiri wa kumwekea karatasi, na hilo linaniuma, kwa sababu wao ndio wanaolala juu ya magunia mchana.

Ukishagunduliwa mapema ukatoka kwenye vumbi, unaweza kupona kabisa au karibu na kabisa. Ukikaa miaka mingi, pumu inabaki hata ukihama kazi. Mimi sijui kama nimewahi. Nina dawa ya kuvuta asubuhi na jioni, na usiku nyingi nalala.

MamaWawili_Ruangwa

Samahani kaka zangu na dada zangu, nimeusoma uzi huu mwili unanisisimka. Mwanangu wa miaka 6, jana asubuhi kaamka anasema paja linamuuma. Jana jioni homa. Leo hataki kusimama. Hajaanguka popote. Baba yake yuko safarini, mama mkwe anasema ni mchango nimkande. Sasa hivi ni saa mbili usiku.

Nesi_wa_Lindi

Dada, usimkande. Mpeleke usiku huu huu hospitali. Usimpe antibiotiki ya nyumbani, dawa ya kawaida ya kushusha homa mpe. Waambie maneno haya: "maumivu yameanza jana asubuhi, homa jana jioni, leo hakanyagi." Kama ana selimundu kwenye ukoo, waambie.

Karani_wa_Mizani

Shikamoo zangu mfikishie mama mkwe, mwambie kuna mjomba Mtwara aliyeruhusu kukanda na mpwa wake sasa anachechemea. Nenda dada. Andika kwenye karatasi kabla hujapanda bodaboda.

MamaWawili_Ruangwa

Wapendwa, nimepata chaji sasa. Tumelazwa. Walitaka kumpiga picha wakampiga, ikawa safi, nikasema mbele ya daktari kwamba leo ni siku ya pili tu. Akanitazama, akasema mama umefanya vizuri kuniambia. Wametoa damu ya kuotesha, halafu wakaanza sindano. Utrasaundi asubuhi hii wameona majimaji kidogo chini ya utando, wanasema pengine hatapasuliwa, wanamwangalia. Amekula uji nusu kikombe.

Nimepata daftari la mtoto mkubwa, lina hesabu zake mbele, nimeanzia nyuma. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, homa 38.4.

Karani_wa_Mizani

Saa kumi jioni andika nyingine.